Wajane Waliosahauliwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumbukumbu la Torati 24:17–22, Matendo 2:5–11, Matendo 6:1–7, Matendo 11:19–26, Matendo 13:1–3, Wagalatia 2:11–14, Waefeso 2:11–22, Ufunuo 7:9, 10.

Fungu la Kukariri: Waefeso 2:14. (Kila mshiriki alisome katika Biblia yake. Mwenye Biblia ya lugha ya kwao na alisome kwa lugha hiyo.)

Fikiria kanisa la mjini, katika mji kama Geita au Kahama, ambako machimbo ya dhahabu yamevuta watu kutoka kila upande. Katika mabenchi ya kanisa hilo wanakaa Wasukuma, Waha, Wakurya, Wajita, Wapare na Wajaluo. Wote wanaimba kwa Kiswahili. Wote wanarudisha zaka katika bahasha za namna moja. Mgeni akiingia na kutazama kwa haraka, atasema kwamba hapa hakuna ukabila.

Katika kanisa hilo yumo mama mjane aliyetoka Kasulu, muuza mboga. Sabato moja hakuonekana. Sabato ya pili hakuonekana, na ya tatu vilevile. Mtoto wake alikuwa amelazwa hospitalini, na mtaji wa mboga ulikuwa umekwisha. Katika majuma hayohayo akina mama wa Dorkasi walitembelea wagonjwa wanne, wakawapelekea unga, sukari na sabuni. Hakuna aliyemchukia mama yule. Hakuna aliyesema asisaidiwe. Ila orodha ya watu wa kutembelewa iliandikwa na akina mama waliofahamiana tangu kijijini kwao, na kila mmoja alitaja wale aliokuwa amepata habari zao. Habari za mjane yule hazikufika, kwa sababu katika chumba kile hakukuwa na mtu wa kwao.

Jambo kama hilo lilitokea Yerusalemu, katika kanisa lililokuwa limejazwa Roho Mtakatifu. Juma hili tunajifunza jinsi lilivyotokea, jinsi lilivyotengenezwa, na linavyolihusu kila kanisa ambalo watu wa makabila mengi wanaabudu pamoja.

Wazo Kuu: Ubaguzi kanisani mara nyingi hauanzi kwa chuki. Huanza kwa kuwakumbuka wa kwetu tu. Injili inatufundisha kuwakumbuka wengine.


JUMAPILI

Mganda na Mjane

Soma Matendo 6:1. Ni nani walionung'unika, juu ya nani, na kwa sababu gani?

Makundi yote mawili yalikuwa ya Wayahudi. Wote walimwamini Yesu na wote walikuwa wamebatizwa. Kilichowatofautisha ni lugha na malezi. Waebrania walikuwa wenyeji, na Kiaramu ndicho walichosema nyumbani. Wale wa Kiyunani walikuwa watu waliozaliwa au kuishi ugenini, katika nchi kama Misri, Kirene na Kilikia, na Kiyunani kilikuwa lugha yao ya kila siku. Mume aliyehamia Yerusalemu pamoja na mkewe alipofariki, mke alibaki katika mji ambao hakuwa na kaka, shangazi wala shamba.

Watu hao wa ugenini walikuwa hata na masinagogi yao wenyewe (Matendo 6:9). Katika uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa Yerusalemu mwaka 1913 hadi 1914, lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Kiyunani. Linamtaja kuhani mmoja aitwaye Theodoto, aliyejenga sinagogi kwa ajili ya kusoma torati na kufundisha amri, pamoja na vyumba vya wageni na mahali pa maji kwa ajili ya wahitaji waliotoka nchi za mbali. Jiwe hilo linatuonyesha kwamba katika mji uleule mtakatifu, Wayahudi wa Kiyunani walikuwa na mahali pao pa kusalia, mahali pao pa kulala, na watu wao wa kuwapokea.

Kisha makundi haya mawili yalikutana ndani ya kanisa moja. Upendo ulikuwepo. Watu waliuza mashamba na kuleta fedha miguuni pa mitume (Matendo 4:34, 35). Chakula kilitolewa kila siku. Lakini wagawaji waliwafahamu wajane waliosema lugha yao, na hao ndio walioona nyuso zao kwanza.

Soma Kumbukumbu la Torati 24:17–22. Mungu aliagiza nini kuhusu mganda uliosahauliwa shambani?

Mungu aliagiza kwamba mkulima akisahau mganda shambani asirudi kuuchukua. Uwe wa mgeni, yatima na mjane. Sababu aliyoitoa ni kwamba Waisraeli wenyewe walikuwa watumwa Misri, kwa hiyo walijua uchungu wa kuishi mahali pasipo pa kwenu. Katika torati, mganda ulisahauliwa ili mjane apate kula. Yerusalemu mganda ulikumbukwa, mjane ndiye aliyesahauliwa.

Je, ni nani katika kanisa lako asiye na ndugu, mtu wa kijijini kwao, wala mtu wa lugha yake? Jina lake ni nani, na anakaa wapi? Kama hujui, anza juma hili kwa kuuliza.


JUMATATU

Ufunguo wa Ghala

Soma Matendo 6:2–7. Ni hatua zipi walizochukua mitume baada ya kusikia manung'uniko?

Kwanza, mitume hawakuwakemea walionung'unika. Ingekuwa rahisi kusema kwamba watu hawa wanaleta ugawanyiko, au kwamba huu si wakati wa kuzungumzia habari za lugha, kwa kuwa kazi ya kuhubiri ni kubwa. Makanisa mengi yamejibu hivyo. Mshiriki anasema kwa upole kwamba watu wa kwao hawaonekani, naye anaambiwa ameleta ukabila kanisani. Lakini anayeonyesha kidonda si yeye aliyekifanya. Mitume walitambua kwamba malalamiko yana haki, wakayashughulikia kama kazi ya kanisa.

Pili, waliita mkutano wa wanafunzi wote. Jambo lililokuwa likisemwa pembeni lililetwa mbele ya ndugu wote. Uchungu unaozungumzwa nje ya geti baada ya ibada hauponi. Huongezeka kila Sabato.

Tatu, walitaja sifa za watu watakaochaguliwa. Wawe watu wenye ushuhuda mwema, wenye kujaa Roho na hekima (fungu la 3). Hawakusema watatu watoke huku na wanne kule. Hata hivyo, tazama majina yaliyopatikana katika fungu la 5. Yote saba ni ya Kiyunani. Jina peke yake si uthibitisho, maana Filipo mtume, mtu wa Bethsaida, naye alikuwa na jina la Kiyunani. Lakini kuhusu Nikolao Biblia inasema wazi kwamba alikuwa mwongofu wa Antiokia, yaani hakuzaliwa Myahudi. Mkutano wenye Waebrania wengi ulipendezwa na watu hawa na kuwakabidhi ufunguo wa ghala. Walioaminiwa kugawa chakula walikuwa watu walioweza kuongea na wajane waliosahauliwa na kuwaelewa.

Nne, mitume waliwaombea na kuwawekea mikono. Haikuwa kazi ya chini. Kuhakikisha kwamba bakuli la mjane mgeni halikosi chakula kulihesabiwa kuwa huduma iliyostahili maombi ya mitume.

Ni matokeo gani yanayotajwa katika fungu la 7?

Neno la Mungu likaenea. Hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana, na makuhani wengi wakaitii imani. Luka anaweka habari hiyo mara baada ya habari za mgawo wa chakula. Watu wa Yerusalemu waliona kanisa likitengeneza kosa lake mbele ya macho yao, nao wakaamini.

Kanisa la leo linakutana na jaribu hili kila mara kamati ya uchaguzi inapokaa. Jina linatajwa, na kabla ya kuuliza kama mtu huyo ni mwombaji au mwaminifu, mtu ananong'ona, "Huyu ni wa wapi?" Kuna hatari mbili hapa. Ya kwanza ni kugawana vyeo kwa makabila kama watu wanavyogawana nyama, hata anachaguliwa mtu asiyefaa kwa sababu zamu ya watu wake imefika. Ya pili ni kudai kwamba tunatazama sifa za kiroho tu, huku kila mwaka sifa hizo zikionekana kwa watu wa upande mmoja. Kamati inayoomba kweli itauliza maswali mawili: Je, mtu huyu amejaa Roho na hekima? Na je, yuko mtu mwingine mwenye sifa hizohizo ambaye hatukumwona kwa sababu hatumfahamu?

Kama ungekuwa Mwebrania katika mkutano ule, ingekugharimu nini kupiga kura kwa ajili ya Nikolao?


JUMANNE

Kila Mtu kwa Lugha Yake

Soma Matendo 2:5–11. Siku ya Pentekoste, Mungu alifanya nini ili watu wa mataifa mengi wausikie ujumbe?

Mungu angeweza kuwafanya wasikilizaji wote waelewe lugha ya mitume kwa muda wa saa moja. Hakufanya hivyo. Badala yake, Wagalilaya ndio waliopewa kusema lugha za wageni. Mzigo wa lugha haukuwekwa juu ya mabega ya wale waliohitaji kusikia. Uliwekwa juu ya wale waliokuwa na ujumbe. Huo ni utaratibu wa mbinguni, na kanisa linafanya vema kuufuata.

Historia ya Waadventista wa Sabato katika Afrika Mashariki imejaa utaratibu huo. Mwaka 1903 wamishonari Johannes Ehlers na A. C. Enns, waliotumwa kutoka Ujerumani, walifika katika milima ya Upare. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, alifika Gendia karibu na Kendu Bay, kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya. Hakufika peke yake. Pamoja naye alikuwapo Peter Nyambo, mtu wa Nyasaland, nchi ambayo leo inaitwa Malawi. Nyambo alikuwa Mwafrika, lakini hakuwa Mjaluo. Katika kilima cha Gendia alikuwa mgeni mwenye lugha ngeni, kama Carscallen. Carscallen naye alijifunza Kijaluo na kukiandikia sarufi.

Maana yake ni kwamba hakuna kabila la Afrika Mashariki lililojiletea lenyewe ujumbe wa malaika watatu. Kila kabila liliupokea kutoka kwa mgeni aliyekubali kusumbuka na lugha isiyo yake. Mpare aliyeamini, Mjaluo aliyeamini, na wote waliowafuata, wana deni kwa mtu wa mbali. Akijua hilo, Mwadventista hawezi kumtazama mgeni anayeingia kanisani kwa jicho la mwenye nyumba anayemtazama mpangaji.

Soma 1 Wakorintho 14:9–11. Paulo anasema nini kuhusu maneno yasiyoeleweka katika ibada?

Kiswahili ni zawadi kubwa kwa kanisa. Kinamwezesha Muha na Mkurya kusoma somo moja katika darasa moja. Mara nyingine, hata hivyo, tangazo linaanza kwa Kiswahili na kumalizikia kwa kilugha, na sehemu ya mwisho ndiyo inayochekesha. Nusu ya kanisa inacheka. Nusu nyingine inatazama sakafu. Mhubiri hakukusudia ubaya, ila kwa dakika moja amewakumbusha watu fulani kwamba hapa si kwao.

Upande wa pili pia una haki yake. Yuko bibi ambaye ameishi miaka themanini kwa Kisukuma, na Kiswahili anakisikia kama mvua juu ya bati: sauti anaisikia, maneno hayapati. Kumwambia bibi huyo kwamba kilugha hakiruhusiwi kanisani ni kumsahau, kama wajane wale walivyosahauliwa. Mtu akae karibu naye na kumtafsiria taratibu. Aombe kwa lugha yake, kisha maombi yake yatafsiriwe ili wote waseme Amina. Basi kabla ya kuchagua lugha ya ibada, upendo huuliza, "Ni nani ambaye hajasikia?"

Katika darasa lako la Shule ya Sabato, ni nani anayenyamaza kila juma? Je, ananyamaza kwa kukosa la kusema, au kwa kukosa lugha ya kulisemea?


JUMATANO

Petro Aondoka Mezani

Soma Matendo 11:19–26 na Matendo 13:1–3. Viongozi wa kanisa la Antiokia walikuwa watu wa namna gani?

Antiokia ulikuwa mji mkubwa wa Shamu, mahali ambapo leo upo mji wa Antakya nchini Uturuki. Huko ndiko wanafunzi walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Luka anawataja viongozi watano. Barnaba alikuwa Mlawi mzaliwa wa Kipro. Simeoni aliitwa Nigeri, neno la Kilatini lenye maana ya mweusi. Lukio alikuwa mtu wa Kirene, katika Afrika ya kaskazini. Manaeni alilelewa pamoja na Herode mtawala. Sauli alikuwa mzaliwa wa Tarso na mwanafunzi wa Gamalieli. Watu hao hawakuwa na kijiji kimoja, tabaka moja wala malezi ya namna moja. Walikuwa wakifanya ibada na kufunga pamoja, na ndipo Roho Mtakatifu alipowaagiza kumtenga Barnaba na Sauli kwa kazi ya umishonari.

Lakini katika mji huohuo lilitokea jambo la kuhuzunisha.

Soma Wagalatia 2:11–14. Petro alifanya nini, na kwa nini Paulo alimpinga mbele ya watu wote?

Petro alikuwa ameona maono ya nguo kubwa iliyoshuka kutoka mbinguni. Alikuwa ameingia nyumbani mwa Kornelio na kutangaza kwamba Mungu hana upendeleo (Matendo 10:34, 35). Mafundisho aliyajua. Huko Antiokia alikula pamoja na watu wa Mataifa bila shida. Kisha wakaja watu kutoka Yerusalemu, watu wa kwao, na Petro akaanza kujitenga kidogo kidogo. Hakubadili imani yake. Alibadili meza. Naye hakuanguka peke yake. Wayahudi wengine walimfuata, na hata Barnaba akachukuliwa.

Sababu inayotajwa ni hofu. Petro aliogopa watu wa kwao watasema nini. Hofu hiyo ina nguvu hadi leo. Kijana anampenda binti mcha Mungu wa kanisa lao, mwenye tabia njema na imani moja naye. Wazazi hawana neno juu ya imani wala mwenendo wake. Wanasema tu, "Ukoo utatuonaje?" Mzee wa kanisa anakula kwa furaha nyumbani kwa jirani wa kabila lingine, lakini ndugu zake wakija kutoka nyumbani anawakaribisha wao peke yao. Wakati wa makambi, vyakula vinapikwa katika mafungu, na kila fungu linajua nani ni wa sufuria hiyo. Hakuna aliyefukuzwa, lakini wapo wasioitwa.

Paulo hakuliita jambo hilo suala la mila. Alisema kwamba hawakuenda sawasawa na ukweli wa Injili. Mahali mtu anapokaa wakati wa kula panahubiri. Kama Kristo amewapokea wote wawili kwa neema ileile, basi kumwacha mmoja nje ya meza ni kusema kwamba neema hiyo haikutosha.

Ni wakati gani wewe huwa mtu tofauti watu wa kwenu wanapokuwapo? Mwombe Mungu akuonyeshe.


ALHAMISI

Ukuta Katikati ya Ua

Soma Waefeso 2:11–22. Ni ukuta gani ambao Kristo ameubomoa?

Katika hekalu la Yerusalemu palikuwa na ua ambao mtu wa taifa lolote aliruhusiwa kuingia. Mbele zaidi palikuwa na kizuizi cha mawe, chenye maandishi yaliyomwonya kila mgeni asipite, na kwamba akikamatwa atawajibika mwenyewe kwa kifo kitakachompata. Mwaka 1871 msomi Mfaransa Charles Clermont-Ganneau aligundua Yerusalemu jiwe zima lenye onyo hilo kwa Kiyunani. Leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Istanbul.

Paulo aliujua ukuta huo kwa gharama. Alikamatwa hekaluni kwa sababu watu walidhani amemwingiza Trofimo, Mwefeso, kupita kizuizi hicho (Matendo 21:27–30). Anapowaandikia Waefeso anajiita mfungwa kwa ajili yao (Waefeso 3:1). Anafundisha kwamba Kristo aliubomoa ukuta kwa mwili wake, msalabani. Ukuta wa mawe ulikuwa bado umesimama Yerusalemu alipokufa Yesu. Lakini mbele za Mungu ulikuwa umekwisha kuanguka, na kanisa liliitwa kuishi kama watu wanaojua kwamba umeanguka.

Kanisa linaweza kuujenga tena. Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, watu wengi walikimbilia eneo la kanisa na hospitali ya Waadventista huko Mugonero, magharibi mwa nchi. Walidhani watakuwa salama hapo. Walishambuliwa tarehe 16 Aprili, siku ya Sabato. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani kiongozi wa kanisa wa eneo hilo, pamoja na mwanawe aliyekuwa daktari. Katika miezi hiyohiyo Carl Wilkens, Mwadventista aliyeongoza kazi za shirika la ADRA nchini humo, alikataa kuondoka Kigali wageni wenzake walipoondoshwa, akahangaika kutafuta maji na chakula kwa ajili ya watoto yatima waliokuwa wamezingirwa.

Habari hizi ni nzito, na haifai kuzisoma kana kwamba ni za watu wengine. Wote walijua amri kumi. Wote waliitunza Sabato. Inawezekana mtu kubatizwa mwili mzima na kuliacha kabila lake juu ya maji, likiwa kavu. Na ubaya mkubwa kama huo hautokei kwa siku moja. Huandaliwa miaka mingi kwa mzaha unaorudiwa, kwa jina la dharau ambalo hakuna anayelikemea, na kwa orodha ambazo watu wa aina fulani hawamo. Ndiyo maana mambo madogo ya juma hili si madogo.

Soma Ufunuo 7:9, 10. Yohana alitambuaje kwamba mkutano ule ulitoka katika makabila na lugha zote?

Yohana aliyaona makabila. Hata mbele ya kiti cha enzi, watu hawakuwa wamefutwa sura na kuwa kitu kimoja kisichotambulikana. Walikuwa bado watu wa kila taifa, kabila, jamaa na lugha. Kilichokwisha ni ukuta uliowatenga. Vazi lilikuwa moja na jeupe, na wimbo ulikuwa mmoja. Kwa hiyo Mkristo haoni aibu kuwa Mha au Mkurya, wala hamtaki mwenzake aache kuwa alivyo. Anachokataa ni kuligeuza kabila kuwa mlango wa kumfungia ndugu aliyefiwa na Kristo.


IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma sura ya 9 katika kitabu cha Ellen G. White, Matendo ya Mitume, inayohusu mashemasi saba. Angalia hasa jinsi utaratibu mzuri wa kanisa ulivyosaidia kulinda umoja.

Umoja wa kanisa haulindwi kwa hisia njema peke yake. Yerusalemu palikuwa na upendo mwingi, lakini wajane walilala njaa mpaka utaratibu ulipowekwa. Watu walichaguliwa, kazi ikatajwa, na mtu akawajibika. Upendo usio na daftari huwakumbuka wale inaowaona tu.

Sasa rudi kwa yule mjane wa Kasulu. Tuseme kwamba Sabato ya tatu mwalimu wa darasa lake alifungua daftari la mahudhurio na kuona nafasi tatu tupu mbele ya jina lake. Akamwuliza mwanadarasa aliyekuwa karibu, "Huyu mama yuko wapi?" Hakuna aliyejua. Mwalimu hakungoja orodha ya Dorkasi. Jua lilipotua alikwenda sokoni kuuliza kwa wauza mboga, nao wakamwelekeza wodi ya watoto. Jumapili asubuhi alifika na akina mama wawili, wamebeba uji katika chupa ya chai. Mmoja wao alikuwa ameishi Kigoma, akamsalimu mjane kwa Kiha. Mama yule hakujibu mara moja. Alishika mkono wa yule mgeni, akalia.

Baada ya hapo wazee wa kanisa hawakutoa hubiri la kukemea ukabila. Waliuliza ni nani anayeandika orodha, wakawaongeza katika kamati ya Dorkasi akina mama wa sehemu nyingine za mji, akiwamo mjane mwenyewe mtoto wake alipopona. Wakakubaliana kwamba kila mwalimu wa Shule ya Sabato atoe taarifa ya mtu yeyote aliyekosekana Sabato mbili mfululizo. Ni mambo mawili madogo. Lakini ndiyo yaleyale yaliyofanywa na mitume: kuangalia nani anashika ufunguo, na kuhakikisha hakuna bakuli linalorukwa.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kanisa la Yerusalemu lilipona kwa njia ya wageni wake. Stefano na Filipo, waliochaguliwa kwa ajili ya chakula cha wajane, ndio waliokuja kuwa shahidi wa kwanza kuuawa na mwinjilisti wa Samaria. Kama manung'uniko yale yangenyamazishwa, kanisa lingewapoteza wajane, na pamoja nao watu hawa wawili.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa, tajeni njia ambazo mshiriki asiye na watu wa kwao anaweza kusahauliwa bila mtu yeyote kukusudia: katika kutembelea wagonjwa, katika misiba, katika harusi, katika uchaguzi wa viongozi. Kwa kila moja, ni utaratibu gani mdogo unaoweza kusaidia?

2. Mtu akileta lalamiko kwamba watu wa sehemu fulani wanapendelewa, tutajuaje kama ni lalamiko la haki au ni tamaa ya cheo? Mfano wa mitume katika Matendo 6 unatusaidiaje tusimhukumu kabla ya kumsikiliza?

3. Ni mila zipi za watu wako unazoweza kumtolea Mungu kwa shukrani, na ni zipi zinazokufanya umdharau mwingine? Unazitofautishaje?

4. Petro alikemewa mbele ya wote, na baadaye aliandika juu ya Paulo akimwita ndugu mpendwa (2 Petro 3:15). Hilo linatufundisha nini kuhusu kukemeana na kupokea kukemewa katika jambo la ubaguzi?

5. Kabla ya kufunga darasa, fungueni daftari la mahudhurio. Ni nani ambaye hajaonekana Sabato mbili? Mchague mtu wa kwenda kumwona kabla ya Sabato ijayo, na asiwe lazima mtu wa kwao.